Nguvu Ni Deni

Kwenye dashibodi ya Toyota Starlet Glanza V, gari dogo la milango mitatu lililotengenezwa Japani kuanzia 1996 hadi 1999, kuna swichi inayompa dereva hiari ya kupunguza au kuongeza shinikizo la tabo. Injini yenyewe ni ya cc 1,331 tu, na bado inatoa nguvu za farasi 135. Mbali na swichi hiyo, watengenezaji waliweka mlinzi asiyeomba ruhusa ya dereva: shinikizo likivuka kiwango chake, kontroli boksi hukata mafuta papo hapo, na gari hushtuka kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma. Anayelijenga upya gari hili kwa mbio za ridhaa za sakiti mara nyingi huanza kwa kutafuta kifaa cha kumfumba mlinzi huyo macho. Kazi yenyewe ni ndogo, ya koleo na waya, lakini inaibua swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameligeuzageuza kwa karne nyingi: anayeondoa kikomo amejipatia uhuru, au amekopa? Hoja yangu ni kwamba amekopa. Kukopa si dhambi. Dhambi ni kukopa kwa jina la mwingine.

Tazama jinsi tabo inavyopata nguvu. Ni magurudumu mawili ya mapanga kwenye shafti moja: moja huzungushwa na moshi unaokimbilia kwenye eksozi, la pili husindika hewa na kuisukumia injini nyingi zaidi ya ile ambayo ingeweza kuivuta yenyewe. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ufukweni, hewa hutukandamiza kwa takriban bari moja; tabo ikiongeza bari 0.65 juu yake, kwa hesabu ya karatasi silinda hupokea hewa zaidi kwa asilimia 65, na mafuta ya kuungua nayo huongezwa kwa kadiri hiyo. Waandishi wa kanuni za mbio waliushtukia mkopo huu zamani. Katika kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ukubwa wa injini ya petroli yenye tabo umekuwa ukizidishwa kwa 1.7 kabla ya gari kupangiwa kundi. Kwa hesabu hiyo Starlet yetu ina cc 2,263. Kanuni hiyo imebeba maadili ndani ya hisabati yake: ukipumua kama mkubwa, simama kwenye mstari wa wakubwa.

Deni likishachukuliwa, wadai huanza kubisha hodi. Hewa iliyosindikwa hupata joto, na mchanganyiko wenye joto kupita kiasi hujilipua wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia. Fundi akifungua injini iliyogonga hivyo huona ukingo wa pistoni umetobokatoboka kama mti ulioliwa na mchwa. Ili kuzuia hilo huchelewesha cheche na kuongeza mafuta: badala ya sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, hushuka hadi karibu 12, petroli ya ziada isaidie kupoza. Hapo klachi haijadai chake. Breki nazo zinangoja, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili: gari linalofika kona kwa kilomita 140 kwa saa hubeba karibu mara mbili ya nishati ya linalofika kwa 100, na sehemu kubwa yake lazima igeuzwe joto kwenye diski zilezile. Mwisho wa foleni wapo matairi ya mbele, ambayo kwenye gari la namna hii huvuta, hukata kona na hubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Kila nguvu ya farasi iliyoongezwa imetia saini hundi kwa niaba ya mwenzake ambaye hakuitwa kwenye kikao.

Hapa ndipo neno kiasi linapopata maana yake kamili. Tumezoea kulisikia kama wito wa kupunguza: kula kidogo, sema kidogo, nenda polepole. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliliona jambo hili kwa kina zaidi. Katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din anaeleza kwamba nafsi ina nguvu ya elimu, nguvu ya hasira na nguvu ya matamanio, na kwamba ipo ya nne, uadilifu, inayozipatanisha hizo tatu. Hasira kwake haing'olewi. Hupewa nafasi yake. Kiswahili kimeitunza fikra hiyo ndani ya neno lenyewe, kwani adili, shina la uadilifu, limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya usawa na mizani. Kwa maana hiyo kiasi ni haki kati ya sehemu na sehemu. Injini ya farasi 135 yenye breki zilizochoka imezidi kiasi, na ya farasi 220 iliyo juu ya breki, matairi na rejeta zinazoimudu inaweza kuwa bado ndani yake.

Atatokea wa kusema kwamba huu ni woga uliovishwa kanzu ya hekima. Kama kila mtu angekiheshimu kikomo alichokikuta, atauliza, Mswisi Alfred Büchi angepata wapi hataza ya 1905 iliyotuletea tabo? Pingamizi hili lina uzito, lakini linapiga shabaha isiyo yangu. Kikomo cha kiwandani hakikushuka kutoka mbinguni. Kiliwekwa kwa ajili ya mnunuzi asiyejulikana, atakayechelewa kubadili oili na kupanda mlima akiwa na abiria wanne siku ya joto. Ni mkataba kati ya vipuri na mazingira yake. Badilisha pistoni, nozeli na kipoza hewa, na mkataba unaweza kujadiliwa upya kwa halali. Aristotle alilisema hili kwa mfano wa chakula: kilicho kidogo kwa Milo, bingwa wa mieleka, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Kiasi hakina namba moja ya kudumu. Anayekosea ni yule anayeitamani namba ya Milo akiwa na mifupa ya mwanafunzi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mbio za ridhaa zenyewe, wengine watasema, ni israfu: matairi yanateketea, petroli inachomwa, na gari linarudi pale lilipoanzia. Kuhubiri kiasi humo ni kama kupima chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuungua. Lakini mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu michezo, alionyesha kwamba mchezo ndivyo ulivyo: mtu hukubali kwa hiari yake vikwazo asivyovihitaji, ili kuvishinda kuwezekane. Kama shida ingekuwa kufika tu, mstari wa kumalizia ndio uleule wa kuanzia. Dereva angebaki amekaa. Ndiyo maana udanganyifu huua mchezo hata pale nguvu yake ni ya kweli. Mwaka 1995 timu ya Toyota katika ubingwa wa dunia wa rali ilikutwa na kizuizi cha hewa cha tabo kilichoonekana halali kwenye ukaguzi, huku kikipitisha hewa zaidi kinapofungwa garini. FIA iliifungia kwa miezi 12. Nguvu ilikopwa, na deni likaandikwa kwa jina la washindani.

Bado nitakubali jambo moja dhidi ya hoja yangu kwamba kiasi ni haki kati ya sehemu na sehemu. Pistoni haidhulumiki, inavunjika tu, na haki ni ya watu. Lakini nyuma ya kila kipuri yupo mtu: msimamizi wa kona anayesimama na bendera upande wa nje, dereva wa mbele ambaye breki zako zikilegea atagongwa yeye, nyumba ambayo kodi yake imegeuka tabo mpya. Kwa hao neno deni si fumbo. Mchezo unaolipiwa na asiyecheza ni dhuluma, na hoja yenyewe ninayoitetea ndiyo inayouhukumu. Fundi mwema hujulikana kwa mpangilio wa kazi yake. Kwanza humwaga oili ya breki ya zamani na kuweka isiyochemka kwa urahisi, kisha hugeukia pedi, matairi na upoozaji wa injini. Shinikizo la tabo hulipandisha mwisho, wadai wote wakiwa wamekwisha kulipwa.