Mwenye Sauti Mbili

Lugha yetu ina neno kali kwa mtu asemaye huku hivi na huko vile. Humwita ndumilakuwili, kwa jina la nyoka adhaniwaye kuwa ana vichwa viwili, kimoja kila upande. Neno hilo ni la haki, lakini nachelea kuwa twalitumia upesi mno. Je, kila mwenye sauti mbili ni mnafiki? Nakuomba, msomaji, tulipime swali hili kwa mfano utokao mbali, katika nchi ya Uswidi.

Katika mji wa Stockholm iko bendi iitwayo Opeth, iliyojulikana tangu miaka ya 1990. Muziki wake ni wa namna ya metali: magitaa ya umeme ambayo sauti yake hukwaruzwa kwa makusudi, ngoma zipigwazo kwa kishindo, na mwimbaji angurumaye kama simba aliyejeruhiwa. Asiyeuzoea atasema ni fujo tupu. Lakini fujo hiyo haidumu. Katikati ya wimbo radi hukoma. Gitaa kavu, lisilo na umeme, hudonolewa polepole. Na mtu yule yule aliyenguruma, Mikael Åkerfeldt, huimba kwa sauti laini yenye huzuni. Kisha radi hurudi. Nyimbo kadhaa za santuri yao ya mwaka wa 2001, Blackwater Park, huenda hivyo kwa dakika 10 na zaidi.

Yuko atakayesema kuwa moja kati ya sauti hizo lazima iwe ya uongo. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana twawajua watu ambao upole wao ni chambo tu. Lakini mtazame ndumilakuwili afanyavyo kazi yake. Humpa kila mtu neno limpendezalo, na salama yake yote ni kwamba wasikilizaji wake wasikutane. Bendi hii huwakutanisha. Apendaye utulivu hana budi kuivumilia ngurumo, na apendaye ngurumo hana budi kunyamaza gitaa kavu linaposema. Hapana afichwaye kitu.

Tena walijitia katika mtihani mgumu zaidi. Walirekodi santuri mbili kwa wakati mmoja, wakazitenga: Deliverance, iliyotoka Novemba 2002, ni nzito, Damnation, ya Aprili 2003, haina mngurumo hata mmoja. Upole uliachwa usimame peke yake, nao haukuanguka. Basi haukuwa kiungo cha kulainisha nyama ngumu. Halafu, katika santuri ya Heritage ya mwaka wa 2011, mngurumo ukaachwa kabisa. Wapenzi wengi wa zamani walinung'unika kana kwamba wamevunjiwa ahadi, lakini haukutiwa tena katika santuri mpya mpaka mwaka wa 2024, katika The Last Will and Testament. Kwangu mimi, kimya cha miaka hiyo 13 chastahili heshima. Kama mtu angenguruma kwa sababu tu wateja wamekwisha kuilipia hasira yake, hapo ndipo ningemtafuta yule nyoka.

Sasa jiulize wewe. Sauti usemayo nayo na mama yako si ile upigayo nayo kelele uwanjani timu ya shule inapocheza, wala hilo si kosa. Swali gumu ni jingine: mama akitokea ghafula penye uwanja, ni sauti ipi utakayotaka kuimeza? Ukali wako juu ya kijana mkubwa anayewapokonya wadogo wa kidato cha kwanza chakula chao hautakuaibisha mbele yake. Na upole uliomwonyesha mdogo yule alipokuwa akilia usikupe haya mbele ya wenzako, ingawa huenda wakakucheka. Lakini yako maneno mengine, nawe wayajua kuliko mimi, ambayo ungetamani yasisikiwe na upande wa pili.