Nani Amhukumu Mlanguzi wa Nyama?

Mtu akikamatwa na nyama ya magendo wakati wa vita, hakimu humuuliza aliitoa wapi na aliiuza kwa bei gani. Mshtakiwa naye ana swali lake, ila haruhusiwi kuliuliza: mheshimiwa, nyumbani kwako mlikula nini jana?

Tuanze na Wabelgiji, maana ndio walioitawala Burundi. Kuanzia Mei 1940 hadi Septemba 1944 nchi yao wenyewe ilikaliwa na Wajerumani. Nyama ikawa ya kadi, na kipimo cha kadi hakikushibisha. Ng'ombe wakachinjwa kwa siri, nyama ikapita mlango wa nyuma kwa bei iliyoiacha mbali ile ya serikali. Waliokamatwa walitozwa faini au kufungwa. Wakati huohuo, Ubelgiji na Ufaransa, ofisi za manunuzi za Wajerumani zilikuwa zikinunua katika soko hilohilo la magendo, tena kwa fedha walizowatoza wenyeji kuwa gharama za kukaliwa, mpaka Göring, msaidizi mkuu wa Hitler, alipoamuru jambo hilo likome mwaka 1943. Mkatazaji ndiye aliyekuwa mteja mnono.

Je, hilo linamtakasa muuzaji? Sidhani. Unafiki wa mtawala haumpi mlanguzi idhini ya kumkamua mjane. Ila linatuonyesha amemkosea nani: kama ana kosa, amemkosea jirani yake, si mvamizi. Hata serikali ya Vichy huko Ufaransa, ambayo sina sababu ya kuisifu, ilitunga sheria Machi 1942 iliyowasamehe waliokiuka kanuni ili kujilisha wao na familia zao tu.

Masheikh wa Rumonge, huko Burundi, wana mizani ya zamani zaidi. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) azipange, akakataa. Lakini kuhodhi chakula ili bei ipande alikukemea vikali. Karne nyingi baadaye mwanachuoni Ibn Taymiyya akaeleza kwamba mwenye kuhodhi kitu ambacho watu wana dhiki nacho anaweza kulazimishwa akiuze kwa bei ya haki. Kwa mizani hiyo, bei kubwa peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Kinachomtia hatiani ni kuficha.

Sasa njoo Kabonga, mpakani kabisa, jirani na Kagunga ya Kigoma. Tarehe 31 Julai 1996, siku chache baada ya Meja Buyoya kutwaa madaraka kwa mapinduzi, viongozi wa nchi jirani waliokutana Arusha waliiwekea Burundi vikwazo, na vilidumu hadi viliposimamishwa Januari 1999. Mtu aliyepanga madumu ya petroli ndani ya mtumbwi, akavuka usiku bila taa huku mkono ukinuka mafuta, alikuwa mhalifu. Mwenye ghala aliyeifungia sukari kufuli akingoja bei ipande hakuvuka mpaka wala hakuvunja kikwazo. Mmoja aliongeza kitu sokoni, mwingine alikipunguza. Sheria ikamwinda yule aliyeongeza.

Najua mtumbwi nao si msikiti. Magendo ya miaka ile yaliwatajirisha sana waliokuwa karibu na wakubwa, na mvushaji mdogo mara nyingi alikuwa mbebaji wao tu. Lakini kupiga wote kwa fimbo moja hakusaidii. Tanzania ilijaribu mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Sokoine, kwa sheria ya uhujumu uchumi iliyowanyima washtakiwa dhamana na mawakili. Watu wakaingiwa na hofu, wengine wakatupa bidhaa vichakani. Sabuni iliyotupwa kichakani haikumfulia mtu nguo.

Mimi ningeanza na ghala. Mwenye kufuli ningemfunga, sukari iuzwe siku hiyohiyo. Mwenye mtumbwi ningemnyang'anya faida iliyopita kiasi, kisha aende zake. Na ofisa aliyenunua kwao wote wawili angesimama kizimbani kabla yao.