Pumzi ya Mtoto wa Pwani

Mtoto wa ami yangu alianza kuzamia kabla hajaota ndevu. Kwetu Nungwi, ukitaja pweza wa miambani, watu walimtaja yeye. Alivuta pumzi moja, akazama pima tano, akapekua mwamba kwa mchokoo wake, na sisi juu ya ngalawa tukihesabu huku roho zikitupanda kooni. Akiibuka, pweza kajizungusha mkononi, naye anacheka.

Basi alipokwenda kujifunza kuzamia kwa mtungi, ili apate kazi ya kuwaongoza wageni Mnemba, hakuna aliyemhofia. Hata mwalimu wake hakumhofia, na kosa lilianzia hapo. Wageni waliokuwa naye waliwekwa darasani asubuhi nzima, kisha wakafundishwa kwenye maji ya kiunoni. Yeye aliambiwa, "Wewe bahari unaijua, twende tu." Nalisema hili kwa uchungu, maana nimeliona zaidi ya mara moja: kijana wa pwani hurushwa darasa kwa kusifiwa.

Na somo alilorushwa ndilo kubwa kuliko yote. Anayezamia kwa pumzi yake huchukua hewa ya juu. Akishuka, maji huigandamiza ndani ya mapafu. Akipanda, inarudi kiasi kile kile alichoondoka nacho. Haiwezi kumzidi. Mwenye mtungi huvuta hewa kule kule chini, nayo humfikia imeshagandamizwa kulingana na kina alichopo. Mita 10 chini ya maji, mgandamizo ni mara 2 ya ule wa juu, kwa hiyo hewa iliyojaza pafu hapo ikipanda nalo hutaka nafasi mara 2. Pafu halina nafasi hiyo. Wala si lazima zifike mita 10: kupanda mita 1 na kitu tu, mapafu yamejaa na koo limefungwa, kunatosha kuyapasua. Ndiyo maana amri ya kwanza ya mtungi ni kutobana pumzi kamwe, na kubana pumzi ndiko kulikompa ndugu yangu jina.

Siku hiyo walikuwa wamepiga magoti mchangani, kama mita 6 hivi. Mwalimu akaashiria: jaza maji kwenye miwani, kisha yapulize kwa pua yatoke. Ni zoezi la kila anayeanza. Maji yakamwingia puani, akapaliwa, na mwili ukafanya ulichokizoea tangu utotoni. Akafunga koo, akapiga mapezi, akapaa.

Mimi nilikuwa msaidizi botini, nikampokea. Alisema kifua kinambana, na sauti ilikuwa si yake, imekuwa nyembamba kama ya mtu anayesemea puani. Nikamfungulia suti ya mpira shingoni. Juu ya mtulinga ngozi ilikuwa imevimba, na nilipoigusa ikalia chini ya vidole vyangu, kacha kacha, kama chumvi ya mawe inayovunjika. Ilikuwa hewa. Ilitoka kwenye mapafu yake ikapanda mpaka chini ya ngozi ya shingo.

Nikataka kumkanda. Nahodha, mtu mzima, akanishika mkono. "Usimkande, mwanangu. Mlaze, mpe oksijeni, tuwahi hospitali." Lau hewa ile ingeingia kwenye mishipa ya damu, ingeweza kufika ubongoni, na hapo mtu hupooza au hufa kabla boti haijafika ufukweni. Mungu alimnusuru. Alilazwa, akavutishwa oksijeni, uvimbe ukanywea siku baada ya siku. Daktari akamwambia mtungi basi.

Leo nahodha wa boti ile ni yeye. Vijana wa kwetu wakija kujifunza, kwanza huwauliza wamefundishwa nini kuhusu kupanda: polepole, mita 9 kwa dakika, pumzi ikiingia na kutoka, na hewa ikikatika, unapanda huku ukisema "aaaa" mpaka juu, ili koo lisifunge. Juzi alimketisha mmoja ukingoni mwa boti, mtungi mgongoni, akamtaka aiseme. Kijana akaona haya, wageni wanamtazama.

"Sema, mdogo wangu. Nataka niisikie."

Kijana akasema, sauti ikitetemeka, mpaka pumzi ikamwishia.

"Tena."