Ladha ya Saa Ipi?

Swali nililo nalo mwezi huu laonekana dogo, maana ni swali la kata moja ya togwa. Lakini limenisumbua siku nyingi, kwa kuwa kwa ajili yake mtu alivunjiwa heshima, nami nilikuwa miongoni mwa waliomvunjia.

Kila mtu wa Ifakara ajua togwa ifanywavyo. Uji wa mahindi hupikwa, huachwa upoe hata uwe vuguvugu, kisha hutiwa kimea cha ulezi. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na baada ya saa chache uji uliokuwa mzito huwa mwepesi na mtamu, hata mtoto aweza kuunywa. Kesho yake umeanza kuchachuka kidogo, na wengine huupenda hivyo zaidi. Ukiachwa siku nyingine, hasa katika joto la bonde hili la Kilombero, chachu iliyomo huendelea na kazi yake, na mnywaji huanza kuisikia kichwani. Kule juu Uhehe, penye baridi, mambo hayo huenda polepole. Huku chini hayamngoji mtu.

Basi mwaka mmoja, wakati wa kuvuna mpunga, mama mmoja wa mtaa wetu aliwaita jirani wamsaidie shambani, akawapikia togwa. Jumamosi wakanywa wote pamoja na watoto wao. Iliyosalia ikabaki mtungini. Jumatatu jioni mzee mmoja akapita pale, akaomba kitu cha kukata kiu, akapewa. Akaja barazani akasema, "Yule mama anapika pombe." Wavunaji wakaitwa, wakasema, "Ilikuwa togwa, tena tamu." Nasi wazee tukaanza kutafuta ni nani aliyesema uongo! Tukamsadiki mzee kwa ajili ya mvi zake, na mama akaondolewa katika kazi ya kutunza fedha za kikundi cha akina mama. Hata mmoja wetu hakuuliza, "Je, ulionja siku gani?"

Tulidhani kinywaji ni kama chumvi, ambayo ladha yake leo ndiyo ladha yake kesho. Sivyo. Tena si vinywaji vya kwetu tu vilivyo hivyo. Katika nchi ya Ureno, bonde la mto Douro, ambalo serikali yao iliwekea mipaka tangu 1756, hufanywa divai iitwayo port. Huichanganya na pombe kali ya zabibu kabla haijamaliza kuchachuka, ili utamu usipotee. Ile iliyo bora, ya zabibu za mwaka mmoja mwema, hukaa katika mapipa yapata miaka 2, kisha hutiwa chupani na kulazwa miaka 20 au zaidi. Siku ya kunywewa humiminwa taratibu katika chombo cha kioo, mashapo yabaki chini. Saa ya kwanza yaweza kuwa kali, na harufu yake kama imefungwa; saa chache baadaye hufunguka, yakatokea manukato ambayo hayakuwapo. Ikiachwa siku kadhaa, hufifia. Watu wawili wakionja chombo kile kile, mmoja mchana na mwenziwe usiku, watabishana, wala hakuna mwongo kati yao.

Sasa ladha yake ya kweli ni ipi? Wengine watajibu, ni ile ya kwanza, kwa kuwa iko karibu na mkono wa aliyeitengeneza. Lakini mtengenezaji wa port hakuikusudia saa ya kwanza; alikusudia saa ambayo pengine yeye mwenyewe hataiona. Wengine watasema, ni ile ya mwisho, maana mwisho hufunua yaliyofichwa. Hoja hii naiogopa zaidi, na ndiyo iliyotuongoza barazani bila sisi kujua. Kama ni kweli, basi kila togwa ni siki, maana ikiachwa huishia huko. Na kila mtu ndivyo alivyo katika siku yake iliyo mbaya kupita zote.

Mimi naona kila saa ni ya kweli, ila shahidi lazima aitaje saa yake pamoja na ladha yake. Mtu ataniambia, "Kwa maneno hayo hakuna mpika pombe atakayepatikana tena." La, hasha. Yuko anayeihesabu siku ya tatu kwa makusudi, auze usiku. Na yuko aliyesahau mtungi kwa uchovu wa mavuno. Togwa zao zaweza kuwa na ladha moja. Tofauti yao haionjwi kwa ulimi. Hupatikana kwa kumwuliza mwenye mtungi, na sisi hatukumwuliza. Mimi hata kuonja sikuonja. Nilihukumu kwa ulimi wa mtu mwingine.

Baada ya miezi minne alirudishiwa kazi yake ya fedha. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinipokea kwa shikamoo, kama kawaida yake, akanitekea kata ya togwa iliyopikwa asubuhi ile. Nikanywa, nikaisifu utamu wake. Akasema, "Asante, baba. Na keshokutwa uje uonje tena, upate kujua."

Keshokutwa mvua ilinyesha, sikwenda.