Kozi ya Tano

Fundi alitaka kujua tuinue kozi ngapi. Nikamwambia asimame kwenye ya tano, nikirudi jioni nitampa jibu, kisha mimi na mpwa wangu tukapanda daladala ya mjini, na kutoka mjini tukatafuta gari la Kalenga.

Ukuta wenyewe ulianza kwa hasira. Nina vinyungu vyangu, bustani za bondeni, hapa Ipogolo, Iringa, karibu na mto Ruaha Mdogo, na Machi mwaka huu mtu aliingia usiku akabeba pampu ya kumwagilia. Kesho yake nikaagiza tofali.

Mpwa wangu yuko likizo kutoka Dar es Salaam. Kichwa kimejaa ngome za kwenye filamu za Kizungu, zile za mawe juu ya kilima, na daraja linaloinuliwa kwa minyororo. Akaniuliza kama na sisi tunayo. Nilijisikia vibaya kidogo. Iringa ni jina lililotokana na neno la Kihehe lilinga, yaani boma. Tuna timu ya mpira inayoitwa Lipuli, kwa jina la ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Tunaitaja ngome hiyo kila siku, na mimi, mzaliwa wa hapa, nilikuwa sijawahi kwenda kuiona.

Kalenga si mbali, kilomita kama kumi na tano kwa njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Mtoto alitegemea minara. Alichokuta ni nyumba za watu, mahindi, mbuzi, na tuta lenye nyasi ambalo usipoonyeshwa utalipita ukidhani ni ukingo wa shamba. Nililiinamia. Mawe yamekaa ndani ya udongo mwekundu, yameshikana bado, na katikati ya mawili siafu walikuwa wamepata njia. Nikaweka kiganja juu ya jiwe lililopigwa jua. Lilikuwa la moto.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliwavizia Wajerumani wa Emil von Zelewski wakamuua na wengi wa askari wake. Mkwawa hakudanganyika na ushindi ule. Alijua watarudi, akajizatiti nyuma ya kuta zake hapa Kalenga. Wakarudi kweli, wakiongozwa na gavana von Schele, na mizinga. Oktoba 30, 1894, Lipuli ikaanguka.

Mpwa wangu akasema, "Kwa hiyo mjomba, ukuta haukusaidia kitu." Watoto wa siku hizi wana haraka. Lakini njia nzima ya kurudi neno lile lilinikaa, kwa sababu habari haikuishia hapo. Mkwawa alitoroka, akaishi porini karibu miaka minne bila ukuta wowote. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, fedha ambayo mkulima wa wakati ule asingeimaliza maishani. Miaka yote hiyo kuna watu waliompikia, waliomficha, walioona nyayo zake asubuhi wakazifuta. Alipozingirwa mwishoni kule Mlambalasi, tarehe 19 Julai 1898, alijipiga risasi mwenyewe.

Nisiseme tu yanayonipendeza. Wasangu wa chifu Merere, waliokuwa wamesukumwa na Wahehe hadi nje ya nchi yao, walikuwa upande wa Mjerumani. Jirani uliyemwonea hana sababu ya kulilia boma lako.

Kabla ya kuondoka Kalenga tuliingia makumbusho ya pale, chumba kidogo tu, na fuvu la Mkwawa liko ndani ya kioo. Kichwa kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani, likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado likachukua miaka thelathini na mitano mingine kurudi. Gavana Mwingereza, Twining, ndiye aliyelipata Bremen, kati ya mafuvu mengi, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, Juni 19, 1954. Mpwa wangu alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama linasikia baridi usiku. Sikuwa na jibu. Iringa ya Juni unaijua.

Tulishuka Ipogolo jua likizama, malori ya Zambia yamepanga foleni barabarani. Nyumbani nikamkuta bibi jirani ameegemeza viwiko juu ya kozi ya tano, anampitishia fundi kikombe cha ulanzi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Naona unanifungia nje."

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo hasira ilinisahaulisha. Usiku ule wa wizi mimi nilikuwa nimelala fofofo. Aliyesikia mbwa, akachungulia, akaona kivuli kwenye vinyungu vyangu na kupiga mayowe, ni yeye. Mwizi aliondoka na pampu, ila mpira wa maji, mita hamsini, aliutupa mtaroni akikimbia. Ndio ninaoutumia mpaka leo.

Fundi akafuta midomo. "Enhe mzee, kozi ngapi?"

Nikamwambia upande wa barabarani apandishe hadi tisa. Upande wa bibi aishie hapo hapo, na aache nafasi ya mlango mdogo.

"Tofali zitabaki nyingi," akasema.

"Zibaki."

Akachomoa futi mfukoni, akamuuliza bibi mlango anautaka karibu na jiko au karibu na kisima.