Mwanafunzi na Hoja Asiyoipenda

Twaona kasoro moja katika insha za vijana wetu walioko vyuo vikuu. Apewapo kitabu kigumu cha ufeministi, mwanafunzi mshika dini hukijibu kabla ya kukisoma: aya mbili, hadithi moja, kisha hukumu. Mwenziwe apendaye mambo mapya hukinakili tu, wala hajui alichokinakili. Hakuna aliyesoma.

Imamu Ghazali, kabla ya kuwabomolea wanafalsafa hoja zao, aliyaeleza madhehebu yao katika Maqasid al-Falasifa kwa uadilifu hata wanazuoni wa Ulaya waliokisoma kwa Kilatini wakamdhania kuwa ni mmoja wao.

Basi na tukitwae Politics of Piety cha mwaka 2005, cha marehemu Saba Mahmood, mzaliwa wa Pakistani. Ni kigumu, hatukatai. Alihudhuria darsa za wanawake misikitini Kairo, kisha akawauliza wafeministi wenzake: kwa nini mwaiona hiari ya mwanamke pale tu anapokataa? Mwanamke ajizoezaye haya kwa vazi na ibada, hata haya ikamkaa moyoni, je, huyo hakutenda? Aliyesoma Ihya ataijua hoja hii. Tabia njema huchumwa kwa kuizoesha nafsi.

Lakini wako wanaume watakaoifurahia ili wake zao wanyamaze, na hao twawaogopa kuliko wapinzani. Kwa hiyo hoja ipimwe mahali pazito. Binti wa Ngaremara, katika Kaunti ya Isiolo, akiishika njia ya kaskazini hufika Archer's Post. Karibu na hapo ndipo Rebecca Lolosoli na Wasamburu wenzake walipoanzisha mwaka 1990 kijiji cha wanawake kiitwacho Umoja. Wako walioingia humo baada ya kunajisiwa. Wako waliokimbia mapigo na ndoa za utotoni. Kwao, kukataa ndiko kulikowahifadhi. Mahmood hakuandika ili warejeshwe, wala kitabu chake si fatwa ya mtu kupigwa.

Binti huyo akiandika insha, hana budi atueleze: subira iliyo ibada na subira ya asiye na pa kwenda, kwa nje zafanana, atazipambanua kwa alama gani? Na amnukuu Mahmood kwa namna ambayo mwenyewe angaliikubali, kisha aseme ni wapi hakumtosha.