Nani Alikuja Kwenu Usiku?

Mwezi wa nane uliopita nilikuwa kwenye matanga ya jirani, huku kwetu Embu, juu karibu na msitu wa Mlima Kenya. Niliketi na nyanya mmoja tukimenya ndizi. Wazee walikuwa wakimsifu marehemu kwamba hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Nyanya akaweka kisu chini, akasema kwa sauti ndogo: "Mimi, ukweli wangu ndio uliompeleka baba Manyani."

Alikuwa na miaka saba hivi, wakati wa Hali ya Hatari. Kijiji walichohamishiwa kilizungushiwa handaki lililojaa mianzi iliyochongwa, na lango lilikuwa moja tu, likilindwa na mahomgadi, walinzi Waafrika waliosimama na serikali ya kikoloni. Asubuhi moja homgadi alichuchumaa mbele yake, akampa kipande cha mkate, akamuuliza nani alikuja kwao usiku. Mkate hakuwa ameuonja tangu nyumba yao ichomwe. Tena mama alikuwa amemfundisha kwamba mtoto mzuri hasemi uongo. Akajibu: "Mjomba alikuja, akala, akaenda." Kufika jioni baba alikuwa ameshapandishwa lori, akapelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani. Alirudi baada ya miaka minne, hawezi tena kushika jembe, na mpaka anakufa hakumuuliza binti yake neno lolote juu ya siku ile. "Afadhali angenichapa," nyanya alisema, kisha akaendelea na ndizi zake.

Sikupata la kumwambia. Nimetembea na maneno yale tangu siku hiyo, na safu ya leo naiandika kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sote tulio na watoto nyumbani.

Vijana wengi hawajui mambo haya yalivyokuwa. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwaondoa zaidi ya watu milioni moja kwenye mashamba yao, wengi wao Wakikuyu na Waembu, na Wameru wa sehemu kadhaa, ikawasongamanisha vijijini ili wapiganaji wa Mau Mau walioko msituni wakose chakula na habari. Kina mama walilazimishwa kuchimba mahandaki huku watoto wakishinda na njaa. Mwaka 2007 mtaalamu wa idadi ya watu, John Blacker, alikadiria kwamba kipindi kile kilileta vifo vya ziada vipatavyo 50,000 katika jamii hizi, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 10. Zaidi ya nusu! Watoto hao hawakula kiapo cha Mau Mau wala hawakushika bunduki.

Wiki chache baada ya matanga, mtoto wa kaka yangu aliye kidato cha pili alinijia na swali. Walikuwa wamesoma riwaya ya John Boyne ya mwaka 2006 kuhusu mvulana wa pajama zenye mistari. Mle ndani Bruno, mwana wa mkuu wa kambi ya Wanazi ya Auschwitz, ana miaka tisa na hajui kambi ni kitu gani. Anafanya urafiki na Shmuel, mtoto Myahudi aliye ng'ambo ya waya. Siku moja Shmuel analetwa nyumbani kwao kung'arisha glasi, na Bruno anampa nyama ya kuku. Afisa anawakuta, anauliza, na kwa hofu Bruno anajibu kwamba hamjui mtoto yule. "Shangazi," kijana akaniuliza, "Bruno ana hatia?"

Nilimjibu hivi. Sehemu ya Bruno ipo, nayo ni ndogo kama mwili wake: alimkana rafiki yake, na baadaye alimwomba msamaha. Mtoto wa miaka tisa anaweza kufundishwa kuubeba mzigo wa kadiri hiyo, na ni vizuri aubebe. Lakini waya ni wa baba yake. Nyumba kujengwa kando ya waya ni uamuzi wa baba yake. Na mtu mzima aliyemkazia macho mtoto akimdai jibu, huyo ndiye mwenye swali la kujibu.

Nikamwonya pia juu ya kitabu chenyewe. Januari 2020 makumbusho ya Auschwitz yalisema wazi kwamba anayesoma au kufundisha historia ya mauaji ya Wayahudi akiepuke. Naona walisema kweli. Mkuu halisi wa kambi, Rudolf Höss, aliishi kando ya ukuta wa kambi na mkewe na watoto wao watano, na watoto wengi wa Kiyahudi waliuawa mara tu baada ya kushushwa kwenye treni, hawakupata nafasi ya kuketi kwenye waya wakipiga gumzo. Watoto wa Kiyahudi wapatao milioni moja na nusu waliuawa katika Vita vya Pili vya Dunia. Riwaya inatufanya tulie kwa ajili ya mwana wa mkuu wa kambi, na machozi yetu yanamfunika na baba pia, hadi anaonekana kama mfiwa tu miongoni mwa wafiwa. Hapo ndipo ninapokataa. Kutojua kwa mtoto hakumsafishi mzazi hata kidogo. Kunamwongezea hesabu, maana yeye alijua.

Sheria yetu nayo imechelewa, lakini imefika. Zamani mtoto wa miaka minane wa Kenya aliweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imepandisha umri huo hadi 12. Na hata wakati wa Hali ya Hatari kulikuwa na walioona tofauti. Mwaka 1955 wavulana waliokuwa kizuizini Manyani walianza kupelekwa kambi ya vijana ya Wamumu, wakati huo Wilaya ya Embu, leo Kirinyaga, wafundishwe masomo na kazi za mikono. Geoffrey Griffin alifanya kazi huko, na mwaka 1959 akaanzisha shule ya Starehe pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Jambo jema nalitambua. Lakini serikali iliyowapeleka Wamumu ndiyo ile ile iliyowafungia Manyani, na kumpa mtoto daftari hakufuti miezi aliyolala nyuma ya waya.

Sasa turudi nyumbani kwetu, maana yule homgadi wa mkate hajafa. Namsikia Chuka, namsikia Nkubu, namsikia katika nyumba za watu wanaoimba kwaya. Wazazi wamekosana, mmoja amehamia mjini, na mtoto akirudi kutoka kwa baba anaitwa kando, ananunuliwa soda: "Ulimkuta nani kule? Alilala wapi?" Juma lijalo baba naye anamuuliza: "Mama anaongea na nani kwa simu usiku?" Mtoto anasema kweli, kama tulivyomfundisha sisi wenyewe. Jioni hiyo anasikia kelele na vyombo vikivunjika, na anajua kwamba ni neno lake. Hakuna atakayemwambia kwamba si kosa lake. Ataubeba mzigo huo hadi uzeeni, amenye ndizi kwenye matanga ya watu akiwa nao.

Tafadhali acheni. Ukitaka kujua mambo ya mwenzako, muulize yeye, au nenda kwa wazee, au nenda kortini. Mtoto si mlango wa kupitia. Na mtoto wako akiulizwa na mtu mzima habari za mtu mzima mwingine, mfundishe jibu moja: "Muulize mwenyewe." Huko si kusema uongo.

Na mzee anayempeleka mtoto kuchuma miraa siku ya shule, kisha mwalimu akiuliza anasema "huyu anapenda pesa", naye ajue kwamba amemsingizia mtoto.

Liko jingine linaloniuma. Bado nasikia katika vikao vyetu mtu aliyezaliwa miaka ya 90 akiitwa "wa homgadi", ati kwa sababu babu yake alishika mkuki upande ule. Babu alichagua, na aliyofanya yasemwe kwa jina lake, bila kufichwa. Mjukuu hakuwepo. Kama ni nyumba yenu, waambieni watoto ukweli wote kabla hawajausikia njiani, na waambieni pia kwamba deni hilo si lao.

Waliokuwa watoto katika vijiji vile sasa wana miaka 75, 80. Wamebaki wachache kila kata. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwa nyanya yule, na nitamwambia nilichoshindwa kusema siku ile: "Hukumpeleka baba Manyani. Aliyempeleka ni yule aliyekuja na mkate." Kama kwenu kuna mzee anayenyamaza kila Hali ya Hatari inapotajwa, mwendee kabla ya mvua za masika, keti naye, umsikilize mpaka amalize.